Hojaji ya Bowen ya wasiwasi wa maabara ya kemia: tathmini ya mwalimu aliyeitumia

Hojaji ninayoitathmini hapa ina kauli 20 tu, hujazwa kwa muda usiozidi ule wa kuita mahudhurio na kugawa miwani ya kinga, na imekuwapo tangu mwaka 1999, Craig Bowen alipoichapisha katika jarida la Educational and Psychological Measurement kwa ajili ya wanafunzi wa kemia wa vyuo. Watafiti huitaja kwa kifupi chake, CLAI. Kazi yake ni kupima wasiwasi anaoupata mwanafunzi akiwa ndani ya maabara ya kemia. Nimeitumia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kabla na baada ya mfululizo wa mazoezi ya vitendo, na tathmini hii ninamwandikia mwalimu au msimamizi wa maabara anayejiuliza kama inastahili muda wake. Kwa maoni yangu inastahili, ila anayeitumia ajue barabara inachopima na, zaidi ya hapo, ajue isichopima.

Ubora wake mkubwa uko katika namna ilivyolichambua jambo ambalo wengi wetu tunalizungumzia kwa jumla. Tukishasema kwamba mwanafunzi fulani anaogopa maabara, mara nyingi hatuulizi tena anaogopa nini hasa, na dawa tunayompa ni ya jumla vilevile: tunamwambia ajiamini. Bowen aliigawa hofu hiyo katika maeneo matano, nayo ni kushughulika na kemikali, kutumia vifaa na kufuata hatua za jaribio, kukusanya data, kufanya kazi na wanafunzi wengine, na kuwa na muda wa kutosha. Kila eneo lina kauli 4, na kila kauli hujibiwa kwa kuchagua nafasi moja kati ya 5, kuanzia kutokubali kabisa hadi kukubali kabisa, kwa mtindo alioubuni Rensis Likert mwaka 1932. Kwa hiyo alama za eneo moja haziwezi kushuka chini ya 4 wala kupita 20, na msomaji anaweza kulinganisha eneo moja na jingine kwa macho tu, bila kikokotoo.

Alama zote zinaweza pia kujumlishwa, na jumla hiyo huangukia kati ya 20 na 100. Ninamshauri mwalimu aiache. Tuchukue mfano wa kubuni wa wanafunzi wawili waliopata jumla ya 60. Wa kwanza amepata 20 kwenye kemikali, 16 kwenye vifaa, na 8 katika kila eneo lililobaki. Wa pili amepata 8 kwenye kemikali, 8 kwenye vifaa, 8 kwenye data, kisha 18 kwenye eneo la kufanya kazi na wenzake na 18 kwenye eneo la muda. Kwa jumla wako sawa kabisa, lakini wa kwanza anahitaji kuzoeshwa chupa, koki na pipeti (mrija wa kuvutia kimiminika kwa kipimo) kabla jaribio halijaanza, ilhali wa pili hana tatizo lolote na kemia. Tatizo lake ni watu anaosimama nao mezani na saa iliyo ukutani. Mwalimu anayewaita wote wawili kwa mazungumzo ya kuwatia moyo kuhusu usalama wa kemikali atakuwa amempotezea wa pili muda, na muda ndio hasa unaomtia wasiwasi.

Ili kuelewa kwa nini mgawanyo huu una maana, inafaa kuitazama kwa karibu kazi ambayo sisi walimu tunaiona ndogo. Chukua titresheni ya kawaida kabisa, yaani kupima kimiminika kimoja kwa kukidondoshea kingine kidogokidogo, ambapo hidroksidi ya sodiamu inadondoshwa kutoka kwenye bureti, mrija mrefu wenye vipimo na koki chini yake, na kuingia katika asidi hidrokloriki ya molari 0.1 (molari ni kipimo cha ukolezi). Mwanafunzi anatakiwa kuvuta sentimita za ujazo 25 za asidi kwa pipeti na kuzisimamisha kwenye alama, kujaza bureti na kuhakikisha kwamba hakuna kiputo cha hewa kilichojificha chini ya koki, kusoma kipimo huku jicho likiwa usawa wa sehemu ya chini kabisa ya mbonyeo wa kimiminika, kukadiria hadi nusu ya mgawanyo wa 0.1, kuzungusha flaski kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiwa kwenye koki, na kusubiri rangi hafifu ya waridi ya fenolftalini, yaani kiashiria kinachoonyesha kwamba asidi imekwisha, ambayo matone machache ya ziada yanaigeuza ikakolea na kuharibu kila kitu. Akimaliza anaambiwa arudie mpaka apate vipimo vinavyokubaliana. Wakati huohuo anatarajiwa kukumbuka kwamba yote haya yana uhusiano na mlinganyo ulioandikwa ubaoni.

Alex Johnstone wa Chuo Kikuu cha Glasgow alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kitaaluma kueleza jinsi maabara inavyojaza kumbukumbu tendaji ya mwanafunzi, yaani ile sehemu ya akili inayoshikilia mambo machache kwa muda mfupi ili yafanyiwe kazi. Alieleza pia kwamba mwanakemia hufikiri katika ngazi tatu kwa pamoja: kinachoonekana kwa macho, chembe zisizoonekana, na alama zinazoandikwa. Mwalimu mzoefu hupanda na kushuka ngazi hizo bila kutambua kwamba anafanya hivyo. Mwanafunzi mgeni, ambaye mikono yake haijazoea koki, hana nafasi ya kufikiria chembe wala alama, na wasiwasi unapoingia unagombea nafasi ileile ndogo iliyobaki. Hapo ndipo tunapomsikia akiuliza kwa mara ya tatu swali ambalo jibu lake limeandikwa kwenye karatasi aliyoishika mkononi, na tunaposhawishika kudhani kwamba hakujiandaa.

Kwa wanafunzi niliowapima, eneo ambalo sikulitarajia lipande sana ni lile la muda. Nilidhani kemikali zitaongoza bila mpinzani, maana ndizo zinazotajwa kila watu wanapoeleza kwa nini hawakuipenda kemia. Muda ulikaribiana nazo sana, na hata kwa baadhi ya wanafunzi ukazipita. Ukisimama pembeni ya mizani siku ya vitendo utaona sababu yake bila kuhitaji hojaji. Mizani ni moja au mbili, darasa ni kubwa, na anayepima anatazama tarakimu ya mwisho ikicheza huku na huku kwa sababu mtu amefungua dirisha au ameegemea meza. Nyuma yake kuna foleni, na aliye karibu naye anamsemesha kwa upole wa kulazimisha kwamba hapo inatosha. Mwanafunzi anaandika tarakimu yoyote, anaondoka, na kuanzia hapo hana imani na matokeo yake mwenyewe. Hofu ya namna hiyo haiondolewi na ushauri nasaha. Inaondolewa na ratiba ya mezani iliyopangwa vizuri, na mara nyingi inaondolewa na mwalimu mwenye ujasiri wa kufuta sehemu moja ya jaribio ili zile zilizobaki zifanywe kwa utulivu.

Maandalizi ya kabla ya maabara, ambayo Johnstone aliyatetea sana, ndiyo yaliyofaa zaidi katika eneo hili. Sizungumzii kunakili hatua za jaribio kutoka kwenye mwongozo hadi kwenye daftari, kwa kuwa kazi hiyo humfundisha mwanafunzi kuandika haraka tu. Ninazungumzia maswali machache yanayomlazimisha kulipitia jaribio akilini: ataanza na chombo gani, atasubiri nini kibadilike, atajuaje kwamba amepitiliza, na jedwali lake la matokeo litakuwa na safu zipi. Aliyechora jedwali nyumbani anaingia maabara akiwa amepunguziwa mzigo mmoja, na alama za eneo la kukusanya data, ambalo sina mengi ya kulisemea kwa sababu halikuwahi kuwa juu kwa wanafunzi wangu, hushuka pamoja na zile za muda.

Eneo la kemikali linahitaji mkono mwingine. Hapa hofu hulishwa na kutojua, na mwalimu anaweza kuijaza nafasi hiyo kwa taarifa kamili kuliko kwa maneno ya kutuliza. Mwanafunzi anayesikia neno asidi huwa anafikiria kimiminika kimoja tu kinachotoboa nguo na ngozi. Aelezwe kwamba asidi hidrokloriki inayotoka kwenye chupa ya kabatini hufikia takriban molari 12, ilhali aliyo nayo mezani ni ya molari 0.1, maana yake imezimuliwa kama mara 120, na kwamba ikimdondokea kwenye kidole anatakiwa tu kunawa kwa maji mengi na kuendelea. Afundishwe kusoma alama za hatari zilizomo katika mfumo wa kimataifa ambao Umoja wa Mataifa uliuchapisha kwa mara ya kwanza mwaka 2003, wenye picha 9 ndani ya fremu nyekundu za umbo la mraba uliosimama kwenye pembe yake, ili atofautishe kinachobabua, kinachowaka na kile chenye sumu. Tena, apelekwe kwenye bomba la kusafishia macho, alifungue yeye mwenyewe, maji yamrukie mikononi, na aambiwe kwamba jicho lililoingiwa na kemikali huoshwa kwa angalau dakika 15 mfululizo. Nimeona wanafunzi waliosoma orodha nzima ya kanuni za usalama na kuitia saini, lakini hakuna aliyewahi kugusa bomba hilo. Saini ile inamlinda mwenye maabara. Haimpunguzii mwanafunzi hofu.

Eneo la kufanya kazi na wenzake ndilo ambalo walimu hulipuuza, nami ninaliona kuwa mchango wa pekee wa hojaji hii. Katika kundi la wanafunzi wanne, mgawanyo wa kazi huamuliwa ndani ya dakika chache za mwanzo na hubaki hivyo muhula mzima: mmoja anashika vifaa, mmoja anasoma hatua, mmoja anaandika, na mmoja anatazama. Anayeandika huonekana mchapakazi, na ripoti yake huwa nadhifu kuliko za wote, kwa hiyo hakuna anayegundua kwamba hajawahi kufungua koki. Alama zake katika eneo hili zikiwa juu, sababu inaweza kuwa haya ya kukosea mbele ya macho ya wenzake, na haya hiyo humfanya akwepe kifaa, na kukwepa huko humnyima nafasi ya kuzoea, hata wiki inayofuata anakuwa na sababu zaidi ya kukwepa. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika kazi yake ya mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu katika uwezo wake mwenyewe, aliweka mbele ya vyanzo vyote vya imani hiyo tendo la kufanikiwa kwa mikono yako. Anayeandika kila wiki hapati chanzo hicho kamwe. Majukumu yakizungushwa kwa utaratibu uliobandikwa ukutani, bila kumwachia kiongozi wa kundi aamue, duara hilo hukatika, na huu ndio mpango ambao ningeuanza hata kama hojaji isingekuwapo.

Upande wa matumizi, kuna jambo moja la kiufundi ambalo mwalimu anayeichukua kwa mara ya kwanza asiliruke. Baadhi ya kauli zimeandikwa kwa upande wa utulivu na nyingine kwa upande wa wasiwasi, ili anayejaza asiteleze na kuchagua nafasi ileile kuanzia juu mpaka chini. Kauli za utulivu lazima zigeuzwe wakati wa kuhesabu, 5 iwe 1 na 4 iwe 2, la sivyo eneo zima hupoteza maana na mwanafunzi aliyetulia kabisa huonekana mwenye hofu ya wastani. Karatasi ambayo majibu yake yote yamo katika safu moja ninaiweka kando, kwa kuwa haiwezekani mtu mmoja awe ametulia kabisa na ana hofu kubwa kuhusu jambo lilelile. Hojaji haidai programu maalumu, wala haidai mtaalamu wa saikolojia. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha, na kwa darasa dogo hata kalamu inatosha.

Sasa niingie kwenye kasoro, na ya kwanza ndiyo ninayoiona kubwa. Hojaji inapima ukubwa wa wasiwasi, lakini haitenganishi wasiwasi unaomfunga mtu mikono na tahadhari inayomlinda. Asidi ya salfuriki ya asilimia 98 inastahili kuogopwa. Anayemimina maji ndani yake, badala ya kuimimina yenyewe kidogokidogo ndani ya maji huku akikoroga, anaweza kuona mchanganyiko ukichemka ghafla na kumrukia usoni, kwa sababu joto linalotolewa ni kubwa na maji hubaki juu ya asidi iliyo nzito kuliko vimiminika alivyovizoea. Mwanafunzi anayepata alama 4 kwenye eneo la kemikali anasomwa na hojaji kama mtu aliye salama kuliko wenzake wote, na inawezekana ndiye yuleyule anayevua miwani kila mara kwa madai kwamba inampa ukungu. Tangu nilipoanza kuitumia, alama za chini sana katika eneo hilo nazifuatilia kwa macho kama ninavyofuatilia za juu sana. Kwa hiyo mwalimu asiweke lengo la kuzishusha alama hadi mwisho wa kipimo; akilifikia lengo hilo atakuwa amejenga darasa la hatari.

Kasoro ya pili ni kwamba hakuna eneo linalohusu kutahiniwa. Kwa wanafunzi wengi hofu ya maabara haitokani na bureti wala na wenzao, inatokana na ukweli kwamba mtu aliyevaa koti jeupe anapita nyuma yao akiandika kitu kwenye karatasi. Mitihani ya vitendo ina hofu yake yenyewe, na anayetegemea hojaji ya Bowen peke yake hataiona. Mwaka 2000, Roberta Eddy alichapisha utafiti kuhusu hofu ya kemia miongoni mwa wanafunzi wa chuo ambamo alitumia kipimo chenye maeneo matatu, yaani wasiwasi wa kujifunza kemia, wasiwasi wa kutahiniwa katika kemia, na wasiwasi wa kushika kemikali. Kipimo hicho hakiingii kwa undani katika mambo ya maabara kama hiki, lakini kina lile eneo la pili ambalo hapa halipo, na mwalimu ambaye wanafunzi wake wanakaribia mtihani wa vitendo angefanya vizuri kukitazama.

Tatu, hakuna mpaka uliowekwa wa kusema kuanzia alama hii mwanafunzi ana tatizo. Wapo wanaoliona hilo kuwa upungufu mkubwa. Kwangu ni dogo, maana hojaji hii haikutengenezwa kwa ajili ya uchunguzi wa kitabibu na anayeitumia kumbandika mwanafunzi jina la ugonjwa anaitumia vibaya. Nzito zaidi ni suala la kuihamisha kutoka mahali ilipotengenezwa. Iliandikwa kwa kuwafikiria wanafunzi wa vyuo vya Marekani mwishoni mwa karne iliyopita, na watafiti wa Uturuki walipotaka kuitumia hawakuishia kutafsiri kauli zake, bali walikagua upya kama bado zinajipanga katika makundi yaleyale na kama majibu yana uthabiti. Anayewapa wanafunzi wa sekondari, au wanafunzi wanaofanya majaribio katika makundi makubwa badala ya wawili wawili, anatakiwa kuwa na uangalifu huohuo, hasa kuhusu kauli zinazozungumzia wenzake, kwa kuwa kusimama meza moja na mtu mmoja na kusimama na watu saba ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kinachopotosha zaidi ni tabia ya kuichukua hojaji hii kama kipimo cha mtazamo wa mwanafunzi kuhusu kemia. Mambo haya mawili yana uhusiano, lakini hayafuatani kama kivuli na mwili. Nimewafundisha wanafunzi wanaoipenda kemia kwa dhati, wanaosoma kuhusu viunganishi vya atomi kwa hiari yao, ambao hata hivyo hutetemeka wakishika pipeti. Na nimewafundisha wengine wanaofurahia maabara kwa rangi na milipuko yake midogo, ambao wakiulizwa kama wangechagua kemia tena wanakataa bila kufikiri. Kumwondolea mtu hofu ya vifaa hakumfanyi alipende somo. Tena mwenye mtazamo mzuri anaweza kuvumilia wasiwasi mwingi kwa sababu anaona unampeleka mahali, wakati asiye na mapenzi na somo huchukua wasiwasi mdogo kama uthibitisho kwamba alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kwa sababu hiyo nashauri CLAI iambatanishwe na kipimo kifupi cha mtazamo. Christopher Bauer alichapisha kimoja mwaka 2008, kinachojulikana kwa kifupi cha ASCI, ambacho hakitumii kauli bali jozi 20 za sifa zinazopingana, na mwanafunzi huweka alama mahali fulani kati ya sifa mbili, kwa mfano kati ya rahisi na ngumu, kulingana na anavyoiona kemia. Njia hii ya kupima kwa sifa zinazopingana ilienezwa na Charles Osgood na wenzake miaka ya 1950. Mwaka 2011 Xu na Lewis walikipunguza hadi jozi 8 tu zilizo katika makundi mawili, moja likihusu jinsi somo linavyoeleweka na jingine likihusu jinsi mtu anavyojisikia akiwa nalo. Jozi 8 zinajibiwa kwa dakika chache sana, na ukiziweka karibu na maeneo matano ya Bowen unapata picha inayosomeka. Mwanafunzi ambaye kemia inaeleweka kwake lakini haimpi raha, na alama zake za muda ziko juu, anasimulia habari tofauti na yule ambaye somo lenyewe halieleweki na kemikali zinamtisha. Wa kwanza anaweza kurudi kwenye somo kwa kurekebishiwa ratiba; wa pili anahitaji kurudishwa kwenye misingi, na hakuna kiasi cha upole maabarani kitakachochukua nafasi ya kazi hiyo.

Mpinzani wa kweli wa CLAI ni hojaji iliyochapishwa mwaka 2015 na Galloway na Bretz, iitwayo MLLI, ambayo inauliza mambo ya kufikiri na ya kuhisi kwa pamoja. Huulizwa mara mbili: mwanzoni mwanafunzi anaulizwa anachotarajia kukikuta maabara, mwishoni anaulizwa alichokikuta, na tofauti kati ya majibu hayo ndiyo yenye habari. Ni nzuri zaidi kwa mtu anayetathmini kozi nzima, kwa sababu inaonyesha kama maabara yenyewe ilitimiza ilichoahidi. Mimi nimebaki na ya Bowen kwa sababu ya kivitendo tu: ninapotaka kujua wiki ijayo nibadilishe nini, maeneo yake matano yananielekeza moja kwa moja mezani, kwenye kabati, kwenye kundi au kwenye saa, ambapo ile nyingine ingeniacha na matokeo mazuri ya kuandikia ripoti na kazi kubwa ya kuyatafsiri kuwa vitendo.

Wakati wa kuitoa una uzito pia. Ikitolewa siku ya kwanza kabisa, kabla mwanafunzi hajaona maabara, anajibu kutokana na simulizi za waliomtangulia. Ikitolewa mara tu baada ya jaribio lililoharibika, alama zinapanda kwa sababu ya siku hiyo tu. Nimeona inafaa itolewe baada ya jaribio la pili au la tatu, mwanzoni mwa kipindi, kisha irudiwe karibu na mwisho wa muhula lakini si katika wiki ya mtihani. Karatasi zisiandikwe majina. Mwanafunzi achague namba yake ya siri aikumbuke, ili mwalimu alinganishe majibu ya mwanzo na ya mwisho bila kujua ni ya nani, na anayetaka msaada aje mwenyewe na namba yake mkononi. Nilikoshuhudia majina yakiandikwa, alama za hofu zilikuwa chini ajabu, na hazikulingana hata kidogo na mikono iliyokuwa ikitetemeka juu ya flaski zilezile.